Tanga la Miaka Hamsini na Miwili

20 Oktoba, Jumapili

Daftari hili si langu, ni la kigango. Nililinunua Urambo kwa ajili ya mihutasari ya vikao, lakini mihutasari yetu ni mifupi (tulikutana, tukakubaliana tukutane tena) na karatasi ni nyingi. Mimi ndiye katibu. Siku ya uchaguzi nilitoka mara moja kwenda kujisaidia, niliporudi nikakuta nimepita bila kupingwa.

Leo Mama alikuwa uani anachambua maharage. Bila kuinua uso akasema, "Aleksi, msimu huu tunaanua tanga la baba yako."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Mama ana miaka sabini na minne, miguu imevimba, na akishaamua jambo hata Askofu angetafuta kiti akae asubiri.

Nieleze, ili daftari likiokotwa na mtu mwingine asipotee. Mwaka sabini na mbili baba yangu, Justus Nsengiyumva, mwalimu wa shule ya msingi, alichukuliwa na askari huko tulikotoka, hakurudi. Mama alikuwa na mimba yangu. Akavuka mpaka kwa miguu, nikazaliwa upande huu, tukaletwa Ulyankulu. Sasa sisi ni raia, tuna vitambulisho, tunalima tumbaku na kunung'unikia bei yake kama Watanzania wenzetu. Lakini Mama bado yuko matangani. Kwa desturi yetu tanga la mume halianuliwi mpaka mtu wa tumbo moja naye asimame mbele ya watu aseme mambo matatu: jina lake, alivyokufa, na alipolala. Baba alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Viktori, na huyo alibaki.

Nchi ile nyumbani kwetu haitajwi. Tunaiita Kule. Kule, waliouawa mwaka ule hawakuuawa, "walitoroka". Ndivyo ilivyoandikwa kwenye rejesta. Wakubwa wamebadilika mara ngapi sijui, rejesta haijabadilika. Kuwalilia ni kosa mpaka leo, maana mtu aliyetoroka halilii mtu.

Nimesoma hiyo sentensi ya mwisho, nimekosea. Haliliwi. Halafu eti katibu.

22 Oktoba

Nimempigia baba mdogo Viktori. Mazungumzo yote haya hapa:

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Ng'ombe hawajambo."

"Mama anakusalimu. Anasema anataka ku..."

"Ng'ombe hawajambo kabisa. Mwambie shemeji wako palepale."

Akakata.

Tangu tuanze kumiliki simu sijapata kusikia kwake habari nyingine. Nimemwambia Konsolata, mke wangu, kwamba babu yangu alizaa watoto wawili, mmoja mwalimu na mmoja mwoga. Konsolata akasema, "Baba Tekla, na aliyekimbizwa na bata wa Masele wiki iliyopita alizaliwa na nani?"

Bata yule wa jirani ana wazimu. Jirani zetu wote wanajua.

28 Oktoba

Joto. Hakuna wingu. Miche kitaluni imeinama kama wanafunzi wasiojua jibu.

3 Novemba, Jumapili

Nimesoma tangazo kanisani, kisha nikaliandika ubaoni. Usiku mzima nililifanyia kazi na sioni haya kusema lilikuwa tamu. Hapa kwetu tangazo la msiba lisilotaja ndugu wote na mahali wanapoishi ni tusi. Watu watauliza kama mmegombana. Kwa hiyo nilitaja wote, kwa majina mawili mawili:

"Familia inawaalika kuanua tanga la mwalimu Justus Nsengiyumva, aliyekamatwa na askari akiwa darasani, Mei 1972, akauawa bila kosa. Ni Jumapili ya kwanza ya Februari. Msemaji ni mdogo wake, mzee Viktori Bandyambona wa kilima cha          , anayejua alipolazwa. Asipofika atasema kwa simu."

(Jina la kilima, ndivyo Kule wanavyoita kijiji, nimelifuta leo, tarehe 19. Nimekandamiza wino mpaka ukatoboa ukurasa wa pili.)

Baada ya misa watu walinishika mkono. Gaudensia, mwenyekiti wa kwaya, alilipiga picha tangazo kwa simu yake. "Aleksi, umeandika mpaka nimetamani kufiwa," akasema. Akaliweka kwenye kundi la kwaya. Kundi lina watu mia nne, wengine wako Mpanda, wengine Kigoma, wengine Kanada wanapiga theluji kwa koleo na kutuma picha.

Nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara.

10 Novemba

Mvua! Tumepandikiza tumbaku tangu asubuhi. Mgongo wangu umejiuzulu. Masele kapita na baiskeli akaniuliza kama naswali Kiislamu siku hizi.

14 Novemba

Simu ya baba mdogo haipatikani.

15 Novemba

Haipatikani. Mvua.

17 Novemba, Jumapili

Esperansi kapiga. Ni mjukuu wa baba mdogo, ana miaka kumi na tisa, anaishi naye tangu wazazi wake wafariki.

"Baba mkubwa, babu ameondoka na daktari wa mifugo."

Nikasema vizuri, na asisahau kuuliza chanjo ya mapele ya ngozi, mwaka huu imeenea. Nilizungumza juu ya chanjo dakika nzima. Mtoto kaningoja nimalize. Halafu akasema polepole, kama unavyomweleza mgonjwa, "Daktari alikuja na gari lisilo na namba, baba mkubwa. Walikuwa wanne."

Simu ikakatika. Nilibaki nimeishika sikioni. Konsolata akauliza, "Wanasemaje?" Nikamjibu ng'ombe hawajambo. Sijui kwa nini nilijibu hivyo.

19 Novemba

Esperansi amevuka hadi soko la mpakani, akaazima laini ya huku, akasema wazi. Naandika kama alivyosema.

Wana picha ya tangazo. Wamelichapa kwenye karatasi kubwa. Walimsomea babu sentensi moja moja, uani kwake, mbele ya majirani, na kila sentensi wanauliza, "Hili ni lako?" Walipofika "anayejua alipolazwa" walisimama. Wakamuuliza: alipolazwa nani? Akasema hajui. Mbona mwanao anasema unajua? Akasema mwanangu anapenda kuandika.

Wakampiga kwa kitako cha bunduki begani, wakampakia.

"Unajua yuko wapi?" nikauliza.

"Watu hawaulizi yuko wapi, baba mkubwa. Ukiuliza na wewe unaandikwa."

Nimempigia Gaudensia alifute tangazo. Akalifuta. Halafu akanieleza, kwa upole ambao sikuuzoea kwake, kwamba kulifuta kwake hakulifuti kwa wengine. Nikafuta la ubaoni kanisani kwa kiwiko cha shati. Nikarudi hapa nikafuta jina la kilima kwenye daftari langu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu, nchi nyingine, mlango umefungwa. Konsolata alikuja akaniondolea kalamu mkononi.

23 Novemba

Mvua. Hakuna habari.

24 Novemba

Hakuna habari.

26 Novemba

Mvua imekata barabara ya Urambo. Hakuna habari. Nimeng'oa magugu yasiyokuwepo.

1 Desemba, Jumapili

Kanisani sikusoma matangazo. Nilisema nina mafua.

Jioni nilimweleza Mama yote. Nilikuwa nimemficha wiki mbili, nikijiona hodari. Kumbe alijua; Tekla binti yangu humsomea simu yangu nikilala. Katika nyumba hii mimi ndiye pekee ninayetunza siri, na siri zenyewe ni za kila mtu.

Nikamwambia, "Mama, nimemuua mtu. Na usiku na mchana nilikuwa namwita mwoga."

Mama akasema, "Kaa chini."

Nikakaa.

"Viktori alikuwa na miaka ishirini na minane. Askari walikusanya vijana wa kilima wakawapa majembe. Wakawaambia chimbeni, mtapanda miti. Yeye alikuwa mmoja wao. Jioni lori likaja. Walipoanza kushushwa ndipo alipomwona kaka yake."

Kuku walikuwa wanagombania kitu nje. Mama akawasubiri wamalize.

"Usiku alinijia akanieleza, nguo zake zina udongo. Akasema shemeji, ondoka, wewe una mimba. Nikamwambia twende wote. Akakataa. Akasema tukiondoka wote nani atapajua pale? Watalima. Watajenga. Basi akabaki. Alitafuta ng'ombe wawili, akawafunga palepale, na mpaka leo analisha palepale. Kila mtu akijaribu kulima anakuta ng'ombe. Miaka yote hii."

"Ndiyo maana ya..."

"Ndiyo hiyo hiyo. Ulidhani namuuliza ng'ombe wa nini, mimi? Nina shida na ng'ombe?"

Nilitoka nje. Nilisimama kwenye mvua kwa muda, jambo la kipuuzi kwa mtu wa umri wangu, na leo nina mafua kweli.

8 Desemba, Jumapili

Esperansi, kutoka mpakani. Ametafutwa na mtu mmoja, amevaa vizuri, ana adabu. Babu yu hai. Ataachiwa kukija barua. Barua iseme mwalimu Justus aliondoka kwa hiari yake, akaishi Ulyankulu, akafa kwa malaria. Na kwamba tangazo lilikuwa uzushi wa aliyeliandika. Isainiwe na mimi, Mama atie dole gumba, iwekwe kwenye kundi lilelile la kwaya.

"Alisema pia," akaongeza Esperansi, "uandike vizuri kama ulivyoandika lile la kwanza."

9 Desemba

Nimeandika mara tatu.

Ya kwanza Konsolata alisema, "Hii hata mimi sikubali. Malaria gani hii ya kuugua siku mbili? Mtu anatapika wapi?" Ya pili nilimweka Baba kitandani, nikampa homa, nikampa mwarobaini, nikamzika nyuma ya kanisa. Nilipomaliza nikaona nimemwandika vizuri kuliko nilivyowahi kumwandika akiwa ameuawa. Nikaichana. Ya tatu niliipunguza. Mtu akijua uongo haufai kupambwa, hapo ndipo anakuwa mwandishi. Najivunia jambo baya.

Nimemsomea Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye shavu.

"Una hakika?" nikamuuliza. "Ukitia dole hapa, umesema mume wako hakuuawa. Mbele ya watu wote. Na tanga ndiyo basi, huwezi kuanua tanga la mtu uliyesema..."

"Justus hawezi kufa tena," akasema. "Viktori anaweza. Lete wino."

Hatukuwa na kidau cha wino. Tukavunja kalamu ya Tekla. Mama alibonyeza dole kwa nguvu, akalitazama, akasema limetoka vibaya, akabonyeza tena pembeni. Kwa hiyo barua ina madole mawili, kama vile amekana mara mbili.

Gaudensia ameiweka kwenye kundi. Hakuna aliyejibu. Watu mia nne, hakuna hata mmoja aliyetuma kidole cha kuunga mkono. Nawashukuru kwa hilo.

15 Desemba

Tumekata maua ya tumbaku. Kijana mmoja njiani kaniita "mzee wa malaria". Masele akamfukuza na pampu ya baiskeli.

25 Desemba

Krismasi. Mvua. Pilau. Mama hakula.

29 Desemba, Jumapili

Ameachiwa! Esperansi alipiga analia na kucheka. Bega halinyanyuki, meno mawili hayapo, lakini anatembea. Kila Jumatatu anatakiwa kuripoti. Nilitaka kusema naye. Akaja kwenye simu, nikasikia anapumua.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

Nikasubiri ng'ombe. Hakuwataja. Akamrudishia mtoto simu.

7 Januari

Nimejua kwa nini hakutaja ng'ombe. Wakati yuko ndani, ng'ombe wote walichukuliwa. Na wiki iliyopita walipeleka trekta palepale. Esperansi anasema babu alikaa ukingoni siku mbili akitazama. Jumatatu hakwenda kuripoti.

11 Januari

Simu zao zote mbili zimezimwa.

12 Januari

Zimezimwa. Naamka saa kumi nazijaribu, kana kwamba watu huwasha simu alfajiri kwa ajili yangu. Mama anauliza tu, "Bado?" Najibu, "Bado."

13 Januari

Bado.

16 Januari

Bado. Tumeanza kuchuma majani ya chini na kuwasha bani, banda la kukaushia tumbaku. Nalala kwenye bani kuchunga moto. Konsolata anasema si moto ninaochunga.

19 Januari, Jumapili

Naandika haraka. Jana saa nne asubuhi nilipigiwa na mtu wa stesheni ya Urambo: kuna mzee na binti wameshuka treni ya Kigoma, mzee ana karatasi yenye namba yangu, na hataki kusema jina lake kwa mtu yeyote.

Nilikwenda kwa bodaboda. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mgongo ukutani, Esperansi kajilaza begani mwake, bega zima. Nilitegemea mtu mkubwa. Ni mfupi kuliko mimi! Nikapiga goti. Kabla hajaitikia shikamoo yangu aligeuka nyuma, akatazama kulia, akatazama kushoto, ndipo akasema, kwa sauti ambayo ilibidi niisome midomoni, "Marahaba, mwanangu."

Barabara ile ya Urambo waliipita wapagazi wa misafara zamani, na watu wa Tabora wanajisifu nayo. Sidhani imepata kumpitisha mtu anayeukimbia ukimbizi wake kwa miaka hamsini na miwili halafu akaupata akiwa na themanini. Kwa ajili ya tangazo. Nilitaka kumwomba radhi njia nzima, lakini juu ya bodaboda, watu watatu, matope, utaanzia wapi.

Nyumbani Mama alisimama mlangoni. Wakatazamana.

"Shemeji, umezeeka," akasema Mama.

"Na wewe," akanong'ona.

Wakacheka mpaka Mama akatafuta ukuta. Nilikwenda kuangalia bani lisilohitaji kuangaliwa.

22 Januari

Nimemwandikisha mgeni wangu na mjukuu wake kwa mtendaji, kama sheria inavyotaka. Kuna karatasi za kujaza. Zipo nyingi. Alipoona mtu anaandika jina lake, aliniminya mkono mpaka sasa una alama.

Ananong'ona kila kitu. Anaomba chumvi kwa kunong'ona.

Hatimaye nimemwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakaniishia. Akasikiliza. Akasema, "Barua yako ya malaria walinisomea. Una mwandiko mzuri, wakanionyesha." Kisha, baada ya kufikiri, "Uongo wenyewe ulikuwa wa wastani."

"Pale pamelimwa, baba mdogo. Mimi ndiye..."

"Pamelimwa," akasema. "Basi sina cha kuchunga. Niambie, lile tangazo lilisema lini?"

2 Februari, Jumapili

Usiku sasa. Wengine wamelala.

Walikuja wengi kuliko turubai. Sikuwa nimetangaza; baada ya yote yale nisingeandika hata tangazo la mbuzi kupotea. Lakini Gaudensia alipita nyumba kwa nyumba, kwa mdomo, na Masele akatoa viti vyake vyote na akamfungia yule bata.

Mama alikaa mbele. Baba mdogo alisimama. Akaanza kusema, na hakuna aliyesikia. Midomo inakwenda, sauti haipo. Watu waliokuwa nyuma wakainama mbele, akina mama wakawaziba watoto vinywa. Mara mbili aligeuka kutazama barabarani. Nikatamani kusimama nimsemee, maana mimi si ndiye msemaji, si ndiye niliyemponza kwa kusema. Konsolata akanishika shati.

Mama akasema, "Shemeji. Hapa ni Ulyankulu."

Baba mdogo akatugeukia. "Justus Nsengiyumva," akasema. Safari hii waliokaa mbele walisikia. "Ndugu yangu. Alipigwa risasi jioni, shimo nililichimba mimi." Kisha akaeleza mahali, kama unavyomwelekeza mgeni nyumba: ukitoka kanisani shika njia ya mtoni, hesabu madaraja mawili, mkono wa kushoto kuna mwinuko, trekta limeupita sasa lakini mwinuko upo. Akarudia. Akataka watoto warudie. Wakarudia, madaraja mawili, mkono wa kushoto.

Mama aliinamisha kichwa. Nilidhani yamekwisha, jina, kifo, mahali. Nikawapa ishara wanakwaya.

Lakini baba mdogo hakukaa. Akasema, "Hakuwa peke yake. Lori lilikuwa na kumi na saba. Niliwajua wote." Na akaanza kuwataja, macho amefumba, anahesabu kwa vidole vya mkono ule unaonyanyuka. Wa pili. Wa tatu. Kila jina na jina la baba yake na kilima chake. Nilichomoa daftari nikaandika, na sikuhitaji kuambiwa niandike vizuri.

Alipofika la saba kiti kilianguka huku nyuma. Ni Gaudensia, na sare yake ya kwaya. Tangu nimjue amekuwa akisema baba yake yuko Kongo, ameoa, ana mashamba, iko siku atatuma barua.

"Rudia," akasema.

Baba mdogo akafumbua macho.

"Hilo la mwisho, mzee. Tafadhali. Sikusikia vizuri."

Alisikia. Sote tulisikia. Baba mdogo akavuta pumzi akalirudia, kwa sauti ambayo nina hakika waliokuwa barabarani waligeuka. Gaudensia hakulia. Alisimama tu, mikono hewani, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga na hajui ampakate vipi. Kando yake watu wengine walianza kusimama, mmoja, halafu mwingine, shingo zimenyooshwa, wakisubiri.

"Kaeni, wanangu," akasema baba mdogo. "Bado kumi."